Wingu la moto la volkano: kwa nini Rungwe ilirusha juu, Ngozi ikamwaga chini?

Ticha wa Milima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Kila nikifundisha volkano hapa Rungwe, wanafunzi wanachora picha ileile: mlima, tundu juu, lava nyekundu inashuka ubavuni. Ukiwauliza wazazi wao, jibu ni hilohilo. Na sisi ndio tunaokaa katikati ya Ngozi, Rungwe na Kyejo, milima ya volkano ya huku Mbeya! Naumia kuona watu wa milima hii hawajui kitu ambacho volkano za dunia zimeulia watu wengi kuliko lava. Ndiyo sababu ya uzi huu. Ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Kitu chenyewe wataalamu wanakiita mtiririko wa piroklasti. Ni gesi, majivu, pumisi (yale mawe mepesi yanayoelea majini) na mawe mengine, vyote vimechanganyika na vinatambaa juu ya ardhi kwa pamoja kwa sababu mchanganyiko huo ni mzito kuliko hewa. Joto lake kwa kawaida ni kati ya nyuzi 200 na 700 za Selsiasi. Kasi yake mara nyingi inapita kilomita 100 kwa saa. Tarehe 8 Mei 1902 mlima Pelée, kisiwani Martinique, ulimwaga wingu la namna hiyo juu ya mji wa Saint-Pierre. Watu wapatao 28,000 walikufa ndani ya dakika chache. Mmoja wa wachache waliopona alikuwa mfungwa ndani ya selo yenye kuta nene. Lava haikuhusika na vifo hivyo.

Linazaliwaje? Magma (uji wa moto wa mwamba) ikiwa chini sana ardhini, mvuke wa maji na gesi nyingine zimeyeyuka ndani yake, zimebanwa na uzito wa mwamba ulio juu. Magma ikipanda, mgandamizo unapungua na gesi zinaanza kujitenga kwa mapovu. Magma ikiwa nyepesi, kama ile ya Hawaii, mapovu yanatoka bila vurugu na lava inatiririka. Magma ikiwa nzito na yenye kunata, kama ya Rungwe na Ngozi katika milipuko yao mikubwa, mapovu hayana pa kutokea. Yanavimba, kuta zake zinapasuka, na kile kilichokuwa uji wa mwamba kinageuka kuwa vumbi na vipande vinavyobebwa na gesi. Mita moja ya ujazo ya magma inaweza kuwa mamia ya mita za ujazo ikifika mdomoni.

Sasa hapa ndipo penye siri, na naomba tupasome polepole. Ile nguzo ya majivu ikitoka mdomoni mwa mlima, mwanzoni ni NZITO kuliko hewa. Inapanda kwa sababu imesukumwa, na msukumo huo unaisha baada ya kilomita chache tu. Kinachoifikisha kilomita 30 angani ni hewa ya pembeni. Nguzo inapopanda inaivuta hewa baridi ndani yake, inaipasha moto, hewa inatanuka, na mchanganyiko mzima unakuwa mwepesi kuliko hewa inayouzunguka. Hapo unaelea na kupanda wenyewe.

Je, msukumo ukiisha kabla nguzo haijameza hewa ya kutosha? Inaporomoka. Mamilioni ya tani ya majivu ya moto yanarudi chini, yanapiga ubavu wa mlima na kusambaa pande zote. Huo ndio mtiririko wa piroklasti katika namna yake kubwa kuliko zote.

Na hapa kwetu tuna mifano yote miwili. Miaka 4,000 hivi iliyopita Rungwe ililipuka, nguzo yake ikafika kati ya kilomita 30 na 35 kwenda juu, na haikuporomoka. Ngozi, chini ya miaka 1,000 iliyopita, ikamwaga mtiririko uliokwenda upande wa kusini umbali wa kilomita kumi hivi. Milima jirani, lakini kila mmoja na njia yake.

Karibuni.

---

Uyole Kwetu

Ticha, naweka kambi hapa. Swali langu: mawe na majivu yanawezaje kukimbia hivyo? Hata kifusi cha mchanga ukikimwaga kutoka kwenye lori kinasimama palepale. Huu unakwendaje kilomita kumi?

---

Ticha wa Milima

Mkuu, umeuliza swali ambalo limewakosesha usingizi maprofesa.

Nenda mashineni siku ya kusaga. Unga ukitoka tu, ukiwa bado wa moto, kinga debe kisha ulitingishe: unga unacheza na kuchuruzika karibu kama maji, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Uache hadi kesho na debe lilelile halichezi tena, hewa imekwishatoka na punje zimekaliana. Mtiririko wa piroklasti ni hivyo, ila wenyewe unajitengenezea gesi njiani. Pumisi zinaendelea kutoa gesi, hewa inayonaswa chini inapata moto na kutanuka, na punje zikisagana zinazaa vumbi laini zaidi linaloizuia gesi isitoroke.

Kuna jambo jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walijenga mtambo wa kumwaga tani kadhaa za majivu halisi ya volkano, yakiwa ya moto, kwenye mfereji wenye mteremko, wakiyapiga picha kwa kamera za kasi. Katika matokeo waliyotoa 2019, walionyesha kwamba mgandamizo ndani ya mtiririko unaisukuma hewa kwenda chini, hadi kwenye sakafu yenyewe. Hapo chini panabaki tabaka jembamba lenye hewa nyingi na punje chache. Kwa hiyo mzigo wote unateleza juu ya hewa na haukwaruzani na ardhi. Kifusi chako cha mchanga hakina tabaka hilo, ndiyo maana kinasimama.

---

Nyundo ya Jiolojia

Uzi mzuri, Ticha. Niongezee nyama kidogo, maana nguzo kuporomoka si njia pekee.

Njia inayotokea mara nyingi zaidi ni ya kuba. Lava nzito sana ikifika mdomoni haitiririki. Inajilundika palepale na kuvimba siku hadi siku. Nje imepoa na kuwa ngumu, ndani bado ni moto na gesi imebanwa. Upande mmoja ukizidiwa uzito, unakatika. Kipande kinadondoka kwenye mteremko, kinapasuka, gesi inafumuka, na kabla hakijafika bondeni kimeshakuwa wingu. Merapi ya Indonesia inafanya hivyo mara kwa mara. Montserrat, tarehe 25 Juni 1997, watu 19 walikufa namna hiyo, na mji mkuu wa kisiwa, Plymouth, umezikwa na majivu hadi leo.

Ya tatu ni ubavu wa mlima kumomonyoka. St. Helens, Marekani, 18 Mei 1980: magma ilipanda ikaufanya ubavu wa kaskazini uvimbe, tetemeko likaja, ubavu wote ukaserereka. Gesi iliyokuwa imebanwa ikajikuta haina kifuniko, ikafumuka kwa UPANDE. Wingu lile lilianza na kasi ya kilomita zipatazo 350 kwa saa kisha likaongeza. Watu 57 walikufa, misitu ikalala chini eneo la kilomita za mraba 600 hivi.

Sasa wenyeji wa Tukuyu, mkipata siku isiyo na mawingu utazameni Rungwe vizuri. Kule juu mlima hauko mzima, umefunguka upande wa kusini-magharibi. Ubavu huo ulishamomonyoka zamani, na masalia yake yako chini kwenye miteremko.

---

Dereva wa Igawilo

Mnatutisha jamani. Goma kule Nyiragongo ililipuka 2002 na 2021, lava ikaingia mjini 2002 na kufika pembezoni mwake 2021, na watu wengi walikimbia wakapona. Huo moto wenu wa Martinique ni wa zamani, watu hawakuwa na magari.

---

Ticha wa Milima

Kaka, mfano wako ndio unaonisaidia. Nyiragongo lava yake ni nyepesi kuliko karibu zote duniani, na bado watu wengi waliweza kuikimbia, kwa sababu iko chini, inaonekana, na ikifika kwenye tambarare inapunguza mwendo. Mtiririko wa piroklasti hauko hivyo. Hauhitaji hata kukugusa kwa mawe. Ukivuta pumzi moja ya majivu yenye nyuzi 300, mapafu yameshaungua.

Kuhusu magari: Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991. Zama za magari, kamera na simu. Watu 43 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo Maurice na Katia Krafft, mume na mke waliokuwa wamezunguka dunia nzima wakipiga picha volkano, na Harry Glicken, mtaalamu ambaye alinusurika St. Helens mwaka 1980. Hawa walijua mlima unaweza kufanya nini. Walikaa juu ya tuta, pembeni ya bonde ambalo mitiririko ilikuwa ikipita. Siku hiyo sehemu nzito ya mtiririko ilifuata bonde kama kawaida. Lakini juu ya sehemu nzito huwa pana wingu jepesi, gesi nyingi na majivu laini, na hilo halifungwi na bonde. Bonde lilipopinda, wingu lilikata moja kwa moja likapanda tuta.

Usiniambie natisha, kaka. Mtu akijua hivyo anajua kwamba mlima ukianza kutingishika na kutoa majivu, dawa ni kuondoka MAPEMA, siku kadhaa kabla. Ukishaliona wingu linakuja, muda umekwisha.

---

Binti Isongole

Shikamoo Ticha. Mimi nyumbani kwetu Isongole, nyuma ya nyumba ukichimba choo unakutana na changarawe nyepesi, rangi ya kijivu inayoelekea njano. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunazirusha mtoni zinaelea. Hizo ni za huo mtiririko? Nitajuaje?

---

Ticha wa Milima

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, maana nyie mnakaa juu ya ushahidi. Kuna tabaka la mlipuko wa Rungwe wa miaka 2,000 hivi iliyopita ambalo wataalamu wamelipa jina la kijiji chenu: pumisi ya Isongole. Na lile kubwa la miaka 4,000 nalo lipo maeneo hayo.

Fanya hivi. Tafuta mahali barabara ilipokata kilima, au shimo la choo jipya. Chukua jembe, ukwangue ukuta hadi uwe safi na wima, kisha sogea karibu.

Kilichoanguka kutoka angani kinakuwa hivi: punje zinakaribiana ukubwa, kingo zake ni kali, na katikati ya punje kuna nafasi tupu. Unga haupo, kwa sababu upepo na urefu vilishachambua. Ukigusa kwa kidole zinaporomoka mkononi. Tabaka linafuata umbo la ardhi ya kale, kilimani na bondeni unene unalingana. Na angalia sakafu ya tabaka la ile pumisi kubwa ya Rungwe: chini kabisa punje ni ndogo, ukipanda zinakua. Maana yake mlipuko ulianza kwa nguvu kiasi, ukaongezeka, kisha ukashikilia nguvu ileile hadi mwisho.

Kilichotambaa ardhini ni kingine kabisa. Unga, pumisi na mawe mazito vimekorogwa pamoja bila mpangilio wa ukubwa. Pumisi zake zina kingo za mviringo, zimesuguana njiani. Wakati mwingine unakuta mkaa wa miti iliyoungua. Na tabaka halilingani: bondeni limejaa mita na mita, juu ya tuta ni jembamba au hakuna kitu.

Changarawe ulizozieleza, za kurusha mtoni, zinasikika kama za kuanguka kutoka angani. Ukiweza piga picha ya ukuta uweke hapa, weka na kalamu pembeni tupate kipimo.

---

Nyundo ya Jiolojia

Nathibitisha. Watafiti walitembea eneo lote kuizunguka Rungwe wakitafuta tabaka la mtiririko katika ule mlipuko wa miaka 4,000, hawakulipata. Ndivyo walivyojua nguzo haikuporomoka. Na si kwamba mlipuko ulikuwa mdogo! Kwa makadirio yao, kwenye nguvu yake ya juu kabisa, kila SEKUNDE mlima ulikuwa unatoa kati ya tani 280,000 na 480,000. Mzigo wote ni kilomita za ujazo kati ya 3.2 na 5.8. Tena siku hiyo upepo ulikuwa kama haupo, kwa hiyo majivu yalishuka kuuzunguka mlima pande zote karibu sawasawa. Hata kwenye tope la chini ya maziwa ya huku yamekutwa.

---

Uyole Kwetu

Sasa hapo ndipo nachanganyikiwa. Mzigo wote huo na nguzo haikuanguka, halafu Ngozi ikaanguka?

---

Ticha wa Milima

Turudi kwenye hewa, mkuu. Nguzo inameza hewa kupitia ngozi yake ya nje, pembeni. Nguzo nyembamba inayotoka kwa kasi kubwa ina ngozi ya kutosha ukilinganisha na mzigo uliomo ndani, kwa hiyo hewa inafika hadi katikati. Ukiupanua mdomo, mzigo unaongezeka haraka kuliko ngozi. Katikati pananyimwa hewa. Na gesi ndani ya magma ikipungua, kasi ya kutoka inapungua pia. Mambo haya mawili, mdomo kutanuka na gesi kupungua, hutokea mlipuko ukiwa unaendelea: magma inayotoka inasomba kuta za tundu, na sehemu ya juu ya chumba cha magma, yenye gesi nyingi, ndiyo inayotangulia kutoka. Ndiyo maana milipuko mingi mikubwa huanza kwa nguzo ndefu na kumalizia kwa kuporomoka. Vesuvio ya mwaka 79 ilikwenda hivyo. Pompei ilinyeshewa pumisi saa nyingi kwanza, mitiririko ikaja baadaye.

Rungwe, kwa mlipuko ule, ilidumu upande salama wa mstari hadi magma ikaisha kutoka. Ngozi nayo usiihukumu kwa siku moja. Miaka 12,000 hivi iliyopita ilirusha pumisi ambayo leo inakutwa Kitulo, ile ilianguka kutoka angani. Mlima mmoja unaweza kufanya yote mawili.

---

Mjukuu wa Masoko

Ndaga fijo Ticha. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba ziwa la Ngozi zamani lilikuwa huku kwetu Masoko, likawa na uovu, wazee wakachoma mawe yakawa mekundu wakayatupa ziwani. Maji yakapiga kelele, ziwa likakimbilia mlimani. Nimesoma huu uzi nimekumbuka ile sehemu ya mawe ya moto na maji.

---

Nyundo ya Jiolojia

Bibi amekuachia hazina. Ziwa la Masoko liko ndani ya kreta (shimo la volkano) ya aina inayotokana hasa na magma kukutana na maji ya ardhini. Maji yanageuka mvuke kwa ghafla, ardhi inatoboka, na kutoka kwenye tundu linatoka wingu linalosambaa chini kwa chini kama pete, pande zote kwa wakati mmoja. Hilo nalo ni ndugu wa mtiririko wa piroklasti: jepesi zaidi, lina unyevu, joto lake kwa kawaida ni dogo kuliko la yale mengine, lakini kasi yake inaangusha nyumba na miti. Likipita huacha tabaka nyembamba nyembamba zenye mawimbi. Ukizunguka ukingo wa kreta za namna hiyo zitafute.

Andika simulizi hizo za bibi, mkuu. Usiache zipotee.

---

Mwana wa Kitulo

Ticha, kuna dalili yoyote sasa hivi? Kuna kijana wangu anapeleka watalii ziwa Ngozi.

---

Ticha wa Milima

Milima hii haijafa, ila imelala. Kyejo ndiyo ya mwisho kuamka, karibu mwaka 1800, na ilitoa lava, si wingu. Chemchemi za maji moto zipo, gesi ya ukaa inatoka ardhini sehemu nyingi za Rungwe hadi inavunwa kwa biashara. Hayo ni mambo ya kawaida ya eneo la volkano, hayana maana ya mlipuko kesho. Dalili za kuangalia ni matetemeko madogo madogo yanayofuatana bila kukoma, ardhi kuvimba, maji ya moto kubadilika joto ghafla, mimea kukauka pasipo sababu. Kijana wako akiona maji ya ziwa yamebadilika rangi au yanachemka mahali, awateremshe wageni siku hiyohiyo na atoe taarifa kijijini na kwa wataalamu wa jiolojia wa serikali. Na kwenye vibonde vidogo vyenye gesi ya ukaa, mtu asilale chini wala kuinama kuchungulia shimo. Gesi hiyo ni nzito, inajaa mabondeni, na haina harufu.

---

Mkyela Halisi

Sisi wa Kyela tunasoma tu kwa raha zetu. Huo moto hautufikii.

---

Ticha wa Milima

Moto, ndiyo, sitegemei uwafikie. Lakini kaka, usilale.

Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mtiririko wa piroklasti ukishajaza mabonde ya huku juu, unaacha mita nyingi za majivu ambayo hayajashikana. Mvua ya kwanza ya masika ikipiga pale, majivu yanageuka tope zito kama zege bichi, linalobeba magogo na mawe makubwa, na njia yake ni mito. Pinatubo, Ufilipino, ililipuka Juni 1991, na tope hilo liliendelea kuzika vijiji miaka mingi baada ya mlipuko wenyewe kwisha.

Na kuna Armero, Kolombia. Tarehe 13 Novemba 1985 Nevado del Ruiz ilitoa mitiririko midogo tu, haikufika popote penye watu. Ila iliyeyusha barafu ya kileleni. Tope lilisafiri kwa saa mbili na nusu hivi kwenye mabonde ya mito, likaukuta mji umelala, zaidi ya kilomita 70 kutoka mlimani kwa kufuata mto. Watu wapatao 23,000 walikufa. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa kabla, na mji ulikuwamo kwenye ramani.

Sisi barafu hatuna, mvua tunayo. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinatoka huku juu na kuishia kwenu.

---

Mkyela Halisi

Nimekuelewa Ticha. Nyumba yetu iko karibu kabisa na Mbaka. Hiyo ramani ya hatari kwa huku kwetu, anayeweza kuchora ni nani?

---

Nyundo ya Jiolojia

Wataalamu wa jiolojia ndio wa kuichora, lakini kazi ya kwanza inaweza kuanzia kwenu. Angalieni kingo za mto pale ulipokata ardhi. Mkiona tabaka la mawe na tope vilivyochanganyika limelala juu ya udongo wa kawaida, piga picha, andika mahali na kina chake kutoka juu. Likionekana sehemu tatu nne kandokando ya mto mmoja, hapo tuna pa kuanzia. Tumeni picha humu humu.